Thurea ya sebuleni kwa Zuhura

Zuhura: Asalaam alaykum, wakubwa shikamooni. Jamani nyumba ya Sahare imefika finishingi, jipsam ishapigwa rangi, nataka niweke thurea, ile taa kubwa ya kuning'inia ya kristali, sebuleni hebu nipeni macho yenu kabla sijatuma hela 🙏 [picha 3]

Khalati Mwanahawa: Waalaykum salaam. Marahaba mwanangu. Ya pili nzuri, ile ya kwanza ya ukumbini hiyo

Zuhura: Mie ndo naipenda hiyohiyo ya kwanza khalati 😭

Rama fundi: Da Zuhura vipimo

Zuhura: upana mita 1, kwenda chini senti 120, kilo 28. Muuzaji yuko Kariakoo anasema akiipakia kwenye basi asubuhi jioni naipokea Tanga

Rama fundi: na silingi futi ngapi

Zuhura: 9

Rama fundi: Haya. Futi 9 ni mita 2.7 na ushee, toa hiyo 1.2 inabaki mita moja na nusu, yani Ami Sefu akija Idi ataivaa kama kofia

Ami Sefu: Nimesoma.

Rama fundi: 😂 shikamoo ami. Sikia dada, watu wakiwa wanapita chini yake ibaki angalau futi 7. Upana nao una hesabu yake, unajumlisha futi za urefu na upana wa chumba jibu unalisoma kwa inchi. Sebule yako 14 kwa 16, inchi 30, hiyo ni senti 76 sio mita nzima

Khalati Mwanahawa: Na feni inakwenda wapi?

Zuhura: feni si ntaitoa khalati, thurea inakaa kati

Khalati Mwanahawa: Utoe feni Tanga hii, kaskazi ya mwezi wa pili?? Mie sikanyagi

Mwanaisha: hata mie, watoto watalala barazani

Zuhura: kuna AC jamani

Ami Sefu: AC inakula luku. Na umeme ukikatika yote mnakaa gizani na thurea yenu.

Salma Dar: Mmeanza 😂 Zuu mie nikitoka kazini napita Kariakoo nakuangalizia. Kakwambia kristali gani?

Zuhura: K9 orijino

Salma Dar: K9 sio mbaya, ni kioo cha China hakina madini ya risasi. Ile ya risasi ya Ulaya bei yake nyingine kabisa, kule haiitwi kristali ya risasi mpaka ifikishe asilimia 24. We ogopa akriliki, plastiki ile, dukani inawaka vizuri ikikaa inageuka njano. Mwambie akutumie video agonganishe vile vipande, kioo kinalia ting plastiki inafanya tap tu. Mie nikifika naishika, kioo cha baridi na kizito

Rama fundi: Salma muulize na fremu. Sahare upepo wa chumvi, chuma cha kupakwa kromu hakikai, na vile vipini vya waya vinavyounganisha kristali ndo huanza kula kutu halafu vipande vinadondoka kimoja kimoja. Geti la da Zuhura lenyewe lishatoboka

Zuhura: geti liache 😒

Rama fundi: Na kilo 28 haining'inii kwenye jipsam, lazima nipande darini nipige ubao toka kenchi hadi kenchi ndo ndoano ya kuning'inizia iingie. Balbu zipo ngapi

Zuhura: 12

Rama fundi: za zamani za wati 40 hizo ni wati 480, za LED za wati 4 ni 48. Chukua LED ya mwanga wa njano, nyeupe inaifanya kristali ionekane kama duka la dawa

Khalati Mwanahawa: Nani atazifuta? Msikitini kwetu ikikaribia Ramadhani wanaishusha thurea chini wanakaa watu na vitambaa kutwa nzima

Mwanaisha: Mbona usiiweke juu ya meza ya kulia? Pale hapiti mtu, feni ya sebuleni inabaki

Rama fundi: Mwanaisha kamaliza. Pale hata ikishuka poa, mezani mpaka taa iachie senti 75 hadi 90. Ila iwe ndogo, ya senti 60

Zuhura: ...ile ya pili ina 60

Khalati Mwanahawa: Nilisema mie

Zuhura: Salma basi ipitie hiyo, hela natuma ukishaishika. Rama njoo na ubao kesho

Rama fundi: Kesho nipo Pangani, Jumamosi. Na usimruhusu fundi rangi azibe kile kitundu cha darini ntapanda wapi

Zuhura: kaziba jana