Nimejigonga kidole cha mguu, mbona uchungu ulichelewa?

Chipukizi: Habari zenu. Jana usiku gizani nilijigonga kidole gumba cha mguu kwenye tendegu la kitanda. Nilijua papo hapo kwamba nimegonga kitu, hata nikawahi kujiambia "hapa kazi ipo", ndipo uchungu ukaja. Kama ishara za neva ni umeme, mbona zichelewe?

Mwalimu wa Baiolojia: Umechunguza vizuri sana, hiki ndicho ninachotamani wanafunzi wangu wakione. Neva si waya wa shaba. Seli ya neva ikitulia, ndani yake ni hasi kwa milivolti 70 hivi ukilinganisha na nje. Ikichokozwa vya kutosha, vijilango vya utando wake vinafunguka, sodiamu inamiminika ndani na kipande hicho kinageuka chanya. Kipande jirani kinashtuka, nacho kinafungua vyake, na kuendelea. Nyuma yake potasiamu inatoka, mambo yanarudi yalivyokuwa. Ni mbio za kupokezana, na kupokezana kunakula muda.

Sasa kidole chako. Nyuzi za mguso ni nene na zimevikwa ala ya mafuta, mayelini. Ishara inaruka kutoka pengo hadi pengo, zaidi ya mita 30 kwa sekunde. Nyuzi zinazoleta ule uchungu mzito unaokawia ni nyembamba, hazina ala: mita 0.5 hadi 2 tu. Kutoka kidoleni hadi uti wa mgongo ni kama mita 1. Piga hesabu.

Chipukizi: Lo! Nusu sekunde hadi sekunde 2. Sasa mwalimu, nikijigonga kwa nguvu zaidi, ishara inakuwa kubwa zaidi?

Mwalimu wa Baiolojia: Hapana. Inatoka nzima au haitoki kabisa. Kinachoongezeka ni wingi wa ishara kwa sekunde, na idadi ya nyuzi zinazozituma.

Nesi wa Zamu: Niongeze kidogo. Kwenye uti wa mgongo seli ya kwanza haiigusi ya pili; kati yao kuna mwanya wa nanomita 20 hivi. Ishara ikifika ukingoni, kalsiamu inaingia, vifuko vinamwaga kemikali, na seli ya ng'ambo inaipokea. Hapo ndipo ujumbe unaweza kupunguzwa: nyuzi za mguso zikisisimka, zinaamsha seli zinazozuia uchungu usipite wote. Chipukizi, ulipojigonga ulifanya nini cha kwanza?

Chipukizi: Nilikikamata kidole nikakisugua!