Umewahi kushtakiwa na hospitali kwa deni la matibabu hapa Kenya? Tupeane uzoefu

Hamjambo ndugu zangu. Naanzisha mada hii kwa sababu mwaka jana nilinyamaza, na kunyamaza kule kulinitia hasara.

Baba mkwe wangu alilazwa katika hospitali moja ya kibinafsi, siku kumi na moja katika chumba cha wagonjwa mahututi, kisha akatuaga. Mimi ndiye niliyetia sahihi fomu ya kumlaza. Ilikuwa saa nane usiku, kalamu imefungwa kaunta kwa uzi, karani ananionyesha kwa kidole, "hapa, na hapa." Sikusoma hata mstari mmoja, mzee alikuwa anahema kwa shida nyuma yangu. Kumbe nilikuwa nimejifanya mdhamini wa bili yote.

Tulichanga, tukalipa karibu nusu, tukaandika ahadi ya kumaliza, tukazika. Miezi saba baadaye akaja kijana kwa pikipiki na bahasha ya kaki. Nilidhani ni mambo ya mbolea ya ruzuku. Ulikuwa wito wa Mahakama ya Madai Madogo, ile inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na nilitakiwa nijibu kwa siku 15. Niliuficha chini ya godoro. Mume wangu alikuwa bado anaamka usiku kumlilia babake, sikuwa na moyo wa kumwambia.

Hukumu ikatolewa bila mimi. Dalali wa korti, yule anayekamata mali ya mdaiwa, alipofika alikuwa mpole, hata alisalimia watoto. Akaandika televisheni, viti na ng'ombe wetu mmoja, akasema tuna siku 7 kabla hajarudi kubeba. Binti yangu wa darasa la tano alishika kamba ya yule ng'ombe hadi giza likaingia.

Nilikimbia kortini kabla siku hizo kuisha na nikakubaliwa kulipa kidogo kidogo. Ila gharama za kesi na za dalali zilikuwa zimeshapandishwa juu ya deni, na hizo ningeziepuka kama ningejibu ile bahasha.

Wewe yalikukuta vipi? Hata mstari mmoja unatosha. Majina ya hospitali tuyaache.

SeremalaWaKweli
Pole sana dada. Kwangu dalali alitaka kuandika randa, misumeno na mashine ya kukereza. Jirani yangu ambaye ni karani wa wakili akamwambia papo hapo asome kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai. Vifaa vya kazi vinavyokulisha havikamatwi. Vitanda, malazi, sufuria za kupikia na nguo za lazima pia havikamatwi. Akafuta. Alichukua makabati mawili ya mteja niliyekuwa sijamkabidhi, na kwa hayo nilihangaika miezi miwili kuthibitisha si mali yangu.

MamaPacha
Mimi sikushtakiwa, nilizuiliwa. 2011, nimejifungua kwa upasuaji, nimeruhusiwa na daktari lakini siruhusiwi na ofisi ya pesa. Kitanda changu kilipewa mwingine, nikawa nalala sakafuni na watoto wawili, kidonda kibichi. Mlinzi wa lango alikuwa na daftari lenye majina yetu, akilisoma kila jioni kama mwalimu anayeita wanafunzi. Na siku nilizozuiliwa zilikuwa zinahesabiwa kwenye bili!

Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa Pumwani, hospitali ya uzazi ya Nairobi, ikasema kumfungia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kuvunja Katiba, na wakalipwa fidia. Nililia niliposikia habari hiyo redioni. Tafadhali mtofautishe: hospitali kukupeleka kortini ina haki, kukufungia wodini haina.

Kimya_Kingi
Niliacha hospitalini hati ya shamba la marehemu mama, iwe dhamana ya deni. Mwaka wa tatu huu, bado iko kwenye kabati la ofisi yao.

KaraniMstaafu
Nilikaa kwenye dirisha la bili miaka mingi, niseme ukweli unaoniuma. Faili ikiwa bado kwetu, mazungumzo yapo. Ikishapelekwa kwa wakili, kila barua inaongeza gharama. Watu wengi walikuwa wanakuja tukiwa tumeshaipeleka.

Kwa hospitali za umma, tafuta afisa wa ustawi wa jamii mgonjwa akiwa bado kitandani. Huyo ndiye anayechunguza hali yako na kupendekeza bili ipunguzwe au isamehewe. Usingoje siku ya kutoka.

Na popote ulipo, omba bili yenye mchanganuo, dawa kwa dawa, siku kwa siku. Usitosheke na jumla. Nimeona mgonjwa akitozwa glavu na dripu za siku aliyokuwa ameshalala kwake. Haikuwa wizi kila mara, mara nyingi ni mtu aliyechoka aliyesahau kufunga faili. Lakini mwenye kulipa ni wewe.

Mwl_Pembeni
SHA, bima ya afya ya serikali, nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi tangu Oktoba 2024, na bado mke wangu alipolazwa tuliambiwa tuongeze juu. Hospitali walipopata hukumu walitaka mshahara wangu. Nilichojifunza ni kuwa theluthi mbili za mshahara haziguswi, wanaruhusiwa ile theluthi moja tu. Ila kama tayari unakatwa mkopo wa sacco, kile chama cha akiba na mikopo, ujue theluthi hiyo ndiyo ilikuwa karo ya watoto.

Bahasha
Nasoma hapa mikono ikitetemeka. Nimepokea wito wiki iliyopita, leo ni siku ya tisa. Deni ni la mtoto wangu, hakupona. Sijui hata naenda kusema nini.

Mwanzisha mada
Pole sana kwa mtoto. Usipoteze hizo siku sita. Kesho asubuhi nenda kwenye masjala ya korti iliyoandikwa juu ya wito, uwaambie unataka kujibu. Beba wito wenyewe, risiti za ulicholipa hata kama ni cha M-Pesa, na karatasi inayoonyesha unapata kiasi gani kwa mwezi. Ukiulizwa, sema unachoweza kweli, usiahidi kikubwa kwa kuogopa. Ukitoka huko niandikie, nitakuwa macho.