Ukoo wa Chumbageni (gumzo la kikundi)

Ijumaa, baada ya magharibi

Mwalimu: Assalaam alaykum ukoo. Shikamooni wakubwa wote. Nimeona niandike humu mara moja, kuliko nimwambie mmoja mmoja halafu habari ikamfikia Mama imeshageuka. Mkataba wangu wa kazi unaisha Desemba na sitachukua mwingine kwanza. Mwezi wa pili, Mungu akijaalia, naanza safari ya kuzunguka dunia. Miezi saba na ushee. Naenda peke yangu.

Shangazi Mombasa: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Peke yako na nani?

Mwalimu: Peke yangu, shangazi. Mimi na begi.

Kitinda Mimba: Dada!!! 🙌🏾

Kaka Mkubwa: Ngoja kwanza. Kuzunguka kivipi? Unapita wapi?

Mwalimu: Dar hadi Muscat kwa Binamu, wiki tatu. Halafu Malaysia na Singapore, huko pasipoti yetu inaingia bila viza. Mwezi wa tano Japani, mwezi wa sita New Zealand. Hapo navuka Pasifiki yote hadi Chile, halafu Brazil, halafu Johannesburg, nako hatuhitaji viza. Nikifika Johannesburg sipandi ndege tena. Nataka mabasi: Harare, Lusaka, Tunduma, Dar, Tanga. Nataka niingie nyumbani kwa barabara.

Kaka Mkubwa: Na hizo zinazotaka viza?

Mwalimu: Japani, New Zealand, Chile na Brazil lazima niombe kabla. Safari yote nimeipanga kwa kufuata viza, siyo kwa kufuata moyo. Mnakumbuka mwaka juzi ubalozi mmoja ulininyima, ada ikapotea, na barua yenyewe ilikuwa na mistari mitatu tu. Safari hii nimeanza mapema. Taarifa za benki, barua ya kazi, hati ya kiwanja, bima, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, vyote viko kwenye faili moja.

Kaka Mkubwa: Hela hiyo ungemalizia nyumba Pongwe.

Mwalimu: Kaka, msingi upo na utanisubiri. Nimefundisha jiografia miaka 11. Kila mwaka nachora ramani ubaoni, nachora mstari wa tarehe katikati ya Pasifiki, pale siku inapobadilika, naupindisha pale kwenye visiwa. Mwaka huu mtoto mmoja wa kidato cha pili akaniuliza, "Madam, wewe ulipovuka ulijisikiaje?" Hakuwa na utani. Aliamini kabisa kwamba mtu anayeeleza kitu hivyo lazima awe amekiona. Nilisimama na chaki mkononi, sikuwa na jibu. Nimeweka akiba miaka saba, pamoja na gawio la VICOBA, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Siombi mchango wa mtu.

Binamu Muscat: Mie nipo uwanjani nakusubiri, chumba kipo. Na wazee, msiogope sana. Yule Jessica Nabongo, wazazi wake ni Waganda, alimaliza nchi zote za dunia mwaka 2019. Ya mwisho ilikuwa Shelisheli. Na nyingi alikwenda peke yake.

Kaka Mkubwa: Huyo kazaliwa Detroit, ana pasipoti ya Marekani. Hapangi foleni tunazopanga sisi.

Mwalimu: Ni kweli, Kaka. Ndiyo maana mimi sihesabu nchi. Nataka duara moja tu, lianze Tanga liishie Tanga.

Shangazi Mombasa: Na kulala je? Mtoto wa kike, usiku, mji usioujua.

Mwalimu: Shangazi, kila mji nimejiwekea sharti nifike mchana. Kama basi au ndege inafika usiku, nabadilisha siku. Nalala kwenye mabweni ya wasafiri, vyumba vya wanawake watupu, vitanda vya ghorofa kama tulivyolala bodingi. Nachukua kitanda cha chini, nafunga kanga kwenye vyuma vya kitanda cha juu, inakuwa pazia. Kanga hiyohiyo ndiyo taulo, ndiyo shuka, ndiyo ya kuswalia. Kadi za benki ni mbili na hazikai mfuko mmoja. Nakala ya pasipoti anayo Kitinda Mimba. Muscat, Kuala Lumpur, Tokyo na Brasilia tuna ubalozi wetu.

Shangazi Mombasa: Kanga usinunue. Nitakuletea mimi doti mbili, zile nzito zisizochuja.

Baba Mdogo: Assalaam alaykum. Nimesoma yote. Binti yangu, safari si jambo geni kwetu. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alitoka kwao Tangier mwaka 1325, ana miaka 21, hana mwenza wala msafara. Mwaka 1331 akafika huku kwetu, Mombasa na Kilwa. Akaandika kuwa watu wa Mombasa wanaosha miguu kabla ya kuingia msikitini, na Kilwa akaisifu kwa uzuri wake. Yote hayo tunayajua leo kwa sababu kijana mmoja aliondoka kwao peke yake.

Shangazi Mombasa: Na miguu tunaosha mpaka leo 😊

Mama: Alirudi?

Baba Mdogo: Alirudi, shemeji. Baada ya miaka 24.

Mama: Akamkuta mama yake?

Kitinda Mimba: Baba Mdogo?

Baba Mdogo: Hakumkuta. Baba yake alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, mama yake naye akafariki muda mfupi kabla hajafika. Nisamehe, shemeji. Nilipoanza kuandika sikufikiria huko.

Mama: Hujakosea. Mie ndicho nilichotaka kujua.

Mama: Mwanangu, mie siogopi wezi, wala ndege, wala huko kusikojulikana. Umekwenda chuo, umekaa Mbeya miaka mitano, nikajua unajiweza. Ninachoogopa unakijua. Baba yenu alifariki asubuhi, tukamzika alasiri. Wewe ulifika kesho yake usiku na lile basi. Ulikwenda makaburini na tochi. Nilikuona ulivyoushika ule udongo. Sitaki uushike hivyo mara ya pili.

Kaka Mkubwa: Mama, basi. Pumzika kwanza.

Mama: Nimeshasema. Usiku mwema.

Jumamosi asubuhi

Mwalimu: Shikamoo Mama. Sikulala. Nimeandika na kufuta mara nyingi, nikaona nikwambie humu humu, wote wasikie.

Mbeya si ng'ambo, Mama. Ni humu humu nchini, nilikuwa kazini, na sikuwahi. Hilo nimelibeba miaka sita. Kutoka Auckland ndiyo kabisa, sitawahi maziko. Siwezi kukwambia nitawahi. Ndege peke yake ni karibu siku nzima, bado kuunganisha, bado Dar hadi Tanga. Lakini jambo moja nimelifanya kabla sijanunua chochote. Nimempa Baba Mdogo nauli ya kurudi, kiasi cha tiketi ya siku ileile, kutoka mbali kuliko kote nitakakokuwa. Hela hiyo si ya safari. Nikiishiwa sitaigusa ili niendelee, safari itakuwa imeishia hapo. Ni ya kazi moja tu. Na haingojei msiba. Ukiumwa, ukilazwa, hata ukiniambia tu "njoo", nakata tiketi.

Baba Mdogo: Ninayo. Alinikabidhi mwezi wa nane, akaniapisha nisiseme. Iko benki, kitabu kiko kwenye kabati langu pamoja na cheti changu cha ndoa.

Kaka Mkubwa: Mwezi wa nane? Hilo sikulijua, dada. Basi na mimi naongeza. Ya nauli ya Dar hadi Tanga, gari binafsi, asisubiri basi. Niandikie namba ya akaunti, Baba Mdogo.

Bibi (anaandika Kitinda Mimba): Bibi anasema nimuulizie. Huko kwenye mstari kuna nini?

Mwalimu: Shikamoo Bibi. Hakuna kitu, maji tu. Lakini siku inabadilika. Nikiondoka Auckland Ijumaa saa 12 jioni, natua Santiago Ijumaa ileile saa 7 mchana. Nafika kabla ya saa niliyoondokea. Mabaharia wa Magellan, yule Mreno, walizunguka dunia kwa upande wa magharibi, mwaka 1522 wakakuta hesabu yao ya siku iko nyuma siku moja na hawakuelewa imepotelea wapi. Mimi nakwenda mashariki, siku naiongezewa.

Bibi (anaandika Kitinda Mimba): Anasema, Ijumaa mbili? Na swala ya Ijumaa itakuwaje?

Baba Mdogo: Mama, msafiri halazimiki na Ijumaa. Ataswali adhuhuri, rakaa mbili.

Bibi (anaandika Kitinda Mimba): Anasema Ijumaa mbili ni neema, aende. Ila asali mdogo aliyobakisha kwenye kopo lake ale kabla hajaondoka, yeye hamwekei mtu miezi saba.

Kitinda Mimba: *asali kidogo. Bibi ananiharakisha.

Mama: Marahaba mwanangu. Nimesoma ya nauli. Sikujua.

Mama: Mie siku yangu ikifika msinicheleweshe kwa kumsubiri mtu. Nizikwe kama inavyotakiwa. Hilo nalisema nikiwa mzima na wote mmesikia. Lakini nikiwa hai nataka sauti yako kila siku. Sauti, siyo maandishi. Baada ya isha, nikishakunja msala. Huko utakuwa saa ngapi?

Mwalimu: Ukimaliza isha saa 2 usiku, Japani mimi nipo saa 8 usiku. Huko nitajirekodi kabla sijalala, uikute. New Zealand ni saa 11 alfajiri, nimeshaamka. Chile ni saa 7 mchana.

Mama: Yaani sisi tukitoka isha wewe huko unaingia adhuhuri?

Mwalimu: Ndiyo, Mama. Karibu dakika kwa dakika.

Mama: Subhanallah.

Mama: Njoo kesho baada ya alasiri. Hizo saa uziandike kwenye karatasi, maandishi makubwa, kila nchi na saa yake, nizibandike nyuma ya mlango wa jikoni. Macho yangu unayajua.

Mwalimu: Nakuja, Mama. Nakuja na kalamu ya wino mzito.

Mama: Njoo na gundi pia. Ya hapa imekauka.