Praiveti (askari wa cheo cha chini) anakaidi amri ya sentri (zamu ya lindo): nianzie wapi?

Maafande, naongoza seksheni (kikundi kidogo cha askari), cheo koplo. Praiveti mmoja hujibu vibaya mbele ya wenzake, na nikimpangia sentri usiku hafiki. Nimwadhibu mwenyewe?

Jibu 1: Hapana. Mwite kando, awepo shahidi mwenye cheo. Rudia amri kwa ufupi: lindo lipi, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Mwambie airudie kwa mdomo wake, kisha mpe nafasi ya kutii. "Changamka" si amri; atasema hakuelewa, na kesi itaishia hapo.

Jibu 2: Tena iwe amri halali. Kukufulia nguo si kazi ya jeshi. Akikataa sentri, andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, maneno yake yenyewe, jina la shahidi. Mpe sajenti wa platuni, usimruke. Sheria ya UPDF (jeshi la Uganda) ya 2005 inahesabu kukataa huko kuwa kosa.

Jibu 3: Kwanza ulizia afya yake na ratiba. Anayepewa lindo la usiku mfululizo hugoma. Viboko acha kabisa, maana mshtakiwa utakuwa wewe, afande.