Mbwa ana usaha wa ngozi, vipimo vinasema sugu. Nianzie wapi?

Korosho_Naliendele
Wakuu, naombeni msaada. Mbwa dume, chotara wa German Shepherd, miaka 3, kilo 24, analinda shamba la korosho. Ana vipele vya usaha tumboni na mapajani. Vikipasuka vinaacha duara lenye magamba pembeni, na manyoya yananyonyoka. Alipewa sefaleksini 250 mg asubuhi na jioni kwa siku 5. Akapata nafuu, vikarudi. Zikafuata sindano za oksitetrasaiklini, hakuna kitu. Majibu ya maabara ya kuotesha usaha: bakteria Staphylococcus pseudintermedius (Staph), sugu kwa oksasilini, tetrasaiklini na klindamaisini, inasikia (yaani inauliwa na) kloramfenikoli, amikasini na seftriaksoni. Dukani wanashauri seftriaksoni. Nyumbani yupo bibi mwenye kidonda cha kisukari mguuni.

MifugoKusini
Mkuu, seftriaksoni usiiguse. Kwenye karatasi hiyo tazama oksasilini kwanza. Staph akiwa sugu kwa oksasilini, kwa kawaida ana jeni ya usugu iitwayo mecA, na hapo ukoo mzima wa penisilini na sefalosporini umekwisha kazi: amoksilini, sefaleksini, seftriaksoni, zote. Hata karatasi ikiandika "inasikia", kwenye mwili wa mbwa haitaponya.

Sefaleksini ya mwanzo nayo ilikuwa pungufu. Mbwa hupewa 22 hadi 30 mg kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Kilo 24 ni 528 mg kwa uchache kila mara. Yeye alipata chini ya nusu, tena kwa siku 5 tu.

Usugu wa vidonge na sindano si usugu wa dawa ya kuogeshea. Kloreheksidini hupasua utando wa bakteria moja kwa moja, na kwenye ngozi inakaa nzito kuliko dawa yoyote inayopitia damuni. Kama ugonjwa bado uko juujuu, yaani vipele na magamba tu, kuogesha peke yake kunatosha. Ukiona uvimbe mgumu, matundu yanayotoa usaha wenye damu, homa, au amegoma kula, hapo ni daktari wa mifugo, na ndiye atakayeamua kuhusu zile mbili zilizobaki. Amikasini hudhuru figo. Kloramfenikoli ni hatari hata kwa anayeishika, maana inaweza kuharibu uboho unaotengeneza damu. Haishikwi bila glavu.

Mama_Mikindani
Nieleze kuogesha, maana hapo ndipo wengi tunapokosea.

Nyoa manyoya sehemu zenye vipele. Tafuta shampuu ya mbwa yenye kloreheksidini 3 au 4%. Ukikosa, ile sabuni ya maji ya 4% ya kunawia mikono kabla ya upasuaji inapatikana maduka ya dawa. Changanya nusu kwa nusu na maji. Kama mbwa ana tope, muoshe kwanza kwa sabuni ya kawaida, kisha umsuuze mpaka povu liishe kabisa. Sabuni ya kipande ikibaki kwenye manyoya inaua nguvu ya kloreheksidini. Maji ya visima vyetu vya chumvi nayo hupunguza nguvu, kwa hiyo tumia ya bomba au ya mvua.

Paka, sugua taratibu tumboni, kwapani, katikati ya vidole na kwenye mikunjo ya mdomo. Halafu ngoja dakika 10. Weka simu ikuhesabie! Dakika 10 ukiwa umemshika mbwa aliyelowa ni ndefu, na watu wengi humsuuza baada ya mbili. Isiingie machoni wala masikioni. Suuza, kausha kwa taulo. Rudia kila baada ya siku moja.

Ukikosa kloreheksidini kabisa: dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini (hipokloraiti) ya 3.5%, ml 15 kwa maji lita 10, pima kwa bomba la sindano. Mmwagie mwili ubaki umelowa dakika 10, kisha suuza. Itengeneze upya kila mara. Usiichanganye kamwe na kloreheksidini, maana hutoa mashapo ya kahawia yenye sumu.

Na tafadhali, asipakwe oili chafu wala salfa ya kupulizia ubwiriunga kwenye mikorosho. Zinachoma ngozi, kisha anazilamba.

Korosho_Naliendele
Asanteni sana. Hadi lini? Na bibi je?

MifugoKusini
Endelea siku 7 baada ya kipele cha mwisho kukauka. Kwa kawaida jumla ni wiki 3 hadi 4. Zikipita wiki 2 bila nafuu yoyote, arudi kwa daktari. Vipele vikikauka lakini bado anajikuna, chanzo kipo: viroboto, utitiri au mzio. Mwambie daktari akwangue ngozi, aibane kwanza, akwangue mpaka damu ichungulie, maana utitiri wa demodeksi hukaa ndani ya vishimo vya manyoya. Na asichomwe deksa (deksamethasoni) ya kutuliza mwasho. Inashusha kinga, demodeksi inatapakaa.

Bibi: mdudu huyu ni wa mbwa zaidi, watu huwapata kwa nadra, lakini kidonda kilicho wazi ni mlango. Kifungwe bandeji muda wote, mbwa asikilambe wala kulala karibu, na anayemuogesha mbwa avae glavu na anawe kabla ya kumhudumia bibi. Gunia analolalia lichomwe. Mpe kitambaa kinachofulika, kifuliwe kwa maji ya moto kila wiki na kuanikwa juani. Mkanda wa shingoni wa kitambaa utupwe. Sakafu ioshwe kwa sabuni kwanza, kisha ile dawa ya kung'arisha nguo ya 3.5%, ml 30 kwa maji lita moja, ikae dakika 10.

Akipona anaweza kuendelea kubeba vimelea puani na mkunduni kwa miezi. Usimpe dawa kwa hilo. Ila siku akitibiwa kokote, onyesha karatasi hiyo kabla hajachomwa chochote.