Wakuu, leo serikali ya mkoa mzima imeitwa "mdau mdogo" mbele ya ukumbi uliojaa

Bonde la Mto (mleta uzi)
Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Kikao kimeisha sasa hivi, bado nimesimama kwenye ngazi za ukumbi. Yule bwana mnamjua, hana haja ya kutajwa. Ni yule yule wa koti la kijani, anayeendesha kila kikao cha mazingira kana kwamba maikrofoni aliachiwa urithi na babu yake.

Leo ilikuwa zamu ya serikali za mikoa kutoa maoni kuhusu mpango wa taifa wa tabianchi, ule ambao kila nchi inapaswa kuupeleka Umoja wa Mataifa kila baada ya miaka mitano chini ya Mkataba wa Paris. Ofisi yetu imekeshea kazi hii miezi minne. Miezi MINNE. Tumetembea bonde la mto kutoka chanzo mpaka mdomo, tumehesabu madampo mpaka soli za viatu zikayeyuka, tumekaa na wavuvi, wakulima na wachoma mkaa. Tukapewa dakika tatu. Nikasema sawa, tatu si haba. Nafika slaidi ya pili, yule bwana anakohoa, anavuta maikrofoni, anasema: "Tuwashukuru wadau wetu wadogo kutoka mikoani. Sasa tuwasikie wadau wakubwa."

Wadau wadogo.

Mnajua mdau mkubwa aliyefuata alikuwa nani? Kampuni iliyoleta maji ya kunywa ukumbini. Kwenye chupa za plastiki. Kwenye kikao cha mazingira. Wakapewa dakika ishirini, na walipomaliza akawaongezea tano za maswali.

Mdogo kwa kipimo gani? Nani anachora mpango wa matumizi ya ardhi? Nani anakaa na bonde linapofurika? Barabara, mabasi, majitaka, msitu, kibali cha kuchimba mchanga, katika nchi nyingi mengi ya hayo yanaishia mezani kwa serikali ya mkoa au jimbo. Lengo linatangazwa makao makuu, ila udongo uko kwetu. Halafu unasimama unasema wadau wadogo, na kukohoa juu!

Kinachoniuma zaidi, asubuhi hiyo hiyo ametaja Malengo ya Aichi mara sita. Nimehesabu. Aichi ni nini? Ni MKOA, wakuu. Mkoa wa Japani, uliokuwa mwenyeji wa mkutano wa bioanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai, mwaka 2010 mjini Nagoya, na malengo 20 ya dunia nzima yakachukua jina lake. Mkutano huo huo ukapitisha mpango wa utekelezaji kwa ajili ya serikali za mikoa na miji, wa 2011 hadi 2020. Bwana anakula jina la mkoa asubuhi, mchana anautemea mate.

Nimeshuka jukwaani slaidi kumi na nne hazijaguswa. Wadau wadogo. Sijui nitawaambia nini wenzangu ofisini.

Kichwa Ngumu
Mdau mdogo karibu jukwaani. Viti vya wadau wadogo viko nyuma, karibu na mlango wa choo.

Upepo wa Kusi
Alikohoa kabla au baada ya kusema wadogo? Hii ni muhimu kwa kumbukumbu za uzi.

Bonde la Mto
Kabla. Na baada akatabasamu. Msinichekee wakuu, nimeumia kweli.

Faili Namba Tisa
Mkuu pole, ila makubaliano ya Cancún ya 2010, yale ya Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi, yenyewe yanazitaja serikali za ngazi ya chini humo humo kwenye kundi la wadau, pamoja na biashara binafsi na asasi za kiraia. Huyo bwana kasoma. Hujatukanwa, umenukuliwa.

Bonde la Mto
Nimesoma na mimi. Nionyeshe palipoandikwa WADOGO. Na kuweka serikali yenye bajeti, sheria na wananchi wake kapu moja na muuza chupa ndilo kosa lenyewe. Ndiyo maana mwaka 2002 kule Johannesburg serikali za mikoa ziliamua kuunda mtandao wao na kutoa Azimio la Gauteng, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaziita kwa jina lake. Miaka imepita tele, bado tunaitwa na kikohozi.

Mzee wa Takwimu
Mwacheni aongee, ana hoja. California kule Marekani walipitisha sheria ya kupunguza hewa chafu 2006, 2013 wakaanza soko la hewa ukaa, yaani kampuni zinauziana vibali vya kuitoa, 2014 wakaliunganisha na la Quebec ya Kanada. Majimbo mawili, nchi mbili tofauti, soko moja. Ontario walizima kituo chao cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe 2014. British Columbia walianza kodi ya kaboni 2008 wakati serikali kuu ya Kanada haina kitu kama hicho. Hao nao walikuwa wadau wadogo?

Upepo wa Kusi
Na Wales, sheria yao ya 2015 inazibana taasisi za umma zifikirie vizazi vijavyo, hadi kamishna wa vizazi hivyo wanaye.

Kichwa Ngumu
Wewe nenda Wales ukawaambie ni mkoa, wakati wao wanajiita taifa. Tutakuchangia nauli ya kwenda, ya kurudi hutaihitaji.

Mama Dampo
Mimi niko manispaa na nina la kusema. Huyu anayelia hapa kuitwa mdogo, serikali yao ya mkoa inatuita sisi "watekelezaji". Hata udau hatuna! Walituletea mkakati wa taka kurasa themanini, picha za rangi, bila senti hata moja. Tuna lori moja. Lori lenyewe linasukumwa kila asubuhi, taka zinasafiri kwa miguu kuliko kwa gurudumu. Nilipouliza fedha ziko wapi, afisa wa mkoa akaniambia "hilo tutaliangalia katika awamu ya pili". Awamu ya kwanza ilikuwa ni kuleta kurasa.

Bonde la Mto
Dada Mama Dampo, pole sana, hilo ni kosa na ningekuwa mimi ningelisemea. Lakini uzi huu ni wa kile kikohozi. Mtu amesimama mbele ya ukumbi mzima...

Mama Dampo
Kaka, wewe umekoholewa mara moja. Mimi nakohoa moshi wa dampo kila siku.

Kichwa Ngumu
Uzi umepata mwenyewe.

Shina la Mvule
Kwetu kiongozi wa mkoa kapanda mti ule ule mara tatu. Shimo lile lile, mwaka baada ya mwaka, kamera zinabadilika tu. Mti ukifa anarudi na mwingine. Halafu wakienda vikao vya taifa wanataka dakika nyingi za kueleza miti hiyo. Huenda bwana wa koti la kijani alishaona hizo picha za kutosha.

Bonde la Mto
Sisi hatukuleta picha ya mti hata moja. Tulileta ramani ya mafuriko. Ilikuwa slaidi ya tatu. HAKUIFIKIA.

Faili Namba Tisa
Mkikasirika na makao makuu kumbukeni Catalonia, jimbo la Hispania. Walipitisha sheria yao ya tabianchi 2017, serikali kuu ikaipeleka Mahakama ya Katiba, na 2019 vifungu kadhaa vikafutwa. Wewe ulikatwa maneno, wenzako walikatwa sheria.

Sarufi Kwanza
Samahani wote, nimesoma uzi mzima na mnachanganya. Mkoa si jimbo. Jimbo kwa wengine ni eneo la mbunge. Na mkoa kwa wengine hauna serikali ya kuchaguliwa, una mteule wa juu. Kenya wana serikali za kaunti 47, zimo kwenye Katiba ya 2010, na Jedwali la Nne linazitaja kwa kazi ya kutekeleza sera za uhifadhi wa udongo, maji na misitu. Kwa hiyo mleta uzi ni wa wapi hasa, mkoa upi wa aina gani? Bila hilo malalamiko hayasimami.

Upepo wa Kusi
Jimbo ni jimbo.

Sarufi Kwanza
Jimbo SI jimbo. Na kingine, "tabianchi" ni neno moja. Kuna watu humu wanaandika "tabia ya nchi" kama vile nchi ina tabia mbaya ya kuchelewa kurudi nyumbani.

Shina la Mvule
Nchi ina tabia mbaya ndiyo, si unaona mafuriko.

Mzee wa Takwimu
Mimi nilifundishwa "hali ya hewa ya muda mrefu". Hayo mengine mmeyaleta juzi.

Sarufi Kwanza
Mzee, nakuheshimu, lakini hapo hapana.

Bonde la Mto
Wakuu, muhtasari wa kikao umetumwa sasa hivi. Kampuni ya chupa ina aya mbili. Wachangiaji wengine wametajwa majina, hata aliyeuliza kiyoyozi kizimwe. Mkoa wetu uko mwisho wa sentensi, umeandikwa "na wengineo". Miezi minne ya kazi imekuwa NA WENGINEO. Kesho narudi pale na ramani yangu, nitasimama mlangoni mpaka aitazame.

Sarufi Kwanza
"Wengineo" hapo imetumika sawasawa.

Kichwa Ngumu
Mama Dampo, lori lenu ni la dizeli? Kuna fundi namjua, ila anataka lifike lenyewe.

Mama Dampo
Lifike lenyewe? Kaka, lingekuwa linafika lenyewe ningekuwa nakutafutia wewe fundi?

Kichwa Ngumu
Basi nitumie picha ya injini, nimwonyeshe.