Naomba ushauri: cheche za grinda zinanichanganya

Habari zenu mafundi. Natengeneza visu kwa vyuma vya skrepa. Nimepata kipande cha shafti, sijui kimetoka gari gani. Nikikigusisha kwenye jiwe la grinda ili nikisie kaboni yake, cheche zinatoka ndefu, zinapasuka vinyota vichache mwishoni. Nimelinganisha gizani: nondo inatoa mistari mitupu karibu yote, tupa chakavu inalipuka vinyota tele karibu na jiwe. Hiki kiko katikati.

Nimekipasha mpaka sumaku ikaacha kukamata, nikakizamisha kwenye oili. Nikajaribu ugumu wake kwa tupa: bado inakila, ila kwa shida kidogo.

Je, kaboni yake inatosha kisu, au nikifanye nyundo tu? Na nikijaribu maji badala ya oili, hakitapasuka?